Haki ya Marudiano

"Wageni wa tamasha wanaarifiwa kwa heshima kwamba benchi lililokuwa mbele ya kazi ya sanaa namba kumi na tisa limesogezwa mita mbili kushoto, ili kuwapisha wanaoelekea kwenye treni za metro. Kamati inaomba radhi kwa usumbufu wowote."

Rosaire Gingras alilisoma tangazo hilo mara mbili, akalitii, akaketi. Ilikuwa siku yake ya tisa. Huko juu Montréal ilikuwa imefukiwa na theluji. Huku chini, katika njia za chini ya ardhi, makarani walipita wakitafuta supu ya njegere, makoti mikononi, na katika kila kona ya njia hizo wasanii walikuwa wameweka kitu ambacho karani angeweza kukipita bila kukitazama.

Kazi namba kumi na tisa haikupitwa kirahisi. Ukutani, kwa ukubwa wa lori, wachezaji wawili wa hoki ya barafu walikuwa wakipigana. Ulikuwa mkanda wa zamani wa televisheni, uliovutwa hata sekunde ishirini zikawa dakika arobaini. Jezi nyeusi imeikaba jezi nyeupe. Ngumi inapanda. Ngumi inashuka, na inachukua dakika mbili kufika. Shavu linakunjika. Jino linatoka na kuelea hewani kwa utulivu mkubwa. Hatimaye kichwa kinagonga barafu, na mkono wa jezi nyeusi unaendelea na kazi.

Nyuso hazikutambulika, picha ilikuwa chembechembe tu. Rosaire hakuhitaji nyuso. Miaka arobaini na moja iliyopita, kule Lac-Saint-Jean, alikuwa mpiganaji wa timu, mtu anayeajiriwa si kufunga mabao bali kuvunja pua za wanaowagusa wafungaji. Mkanda huo alikuwa ameutazama mara nyingi kuliko binadamu yeyote aliye hai. Kila ngumi iliposhuka kichwa kilimuuma upande wa kushoto, kana kwamba dhamiri nayo ina upande.

Wapiganaji walikuwa na sheria moja isiyoandikwa: aliyeshinda, akiombwa marudiano na aliyeshindwa, hakatai. Lakini yule wa jezi nyeupe hakurudi tena uwanjani kuomba chochote. Rosaire naye hakucheza tena, na aliamini kuwa ni kwa aibu. Sasa alikuwa amekuja kulitimiza lililobaki. Alikuwa amekuja kupigwa.

Tamasha lilipotangazwa gazetini, alimwambia dada yake, Huguette, kwamba mtu yule lazima atakuja kujitazama. Huguette alimwandikia vituo vya metro kwa herufi kubwa, akaibandika karatasi ndani ya koti lake.

Saa sita na nusu mchana, mzee mmoja mpana aliketi kando yake. Vidole vyake vilikuwa na vifundo kama tangawizi. Jana na juzi alikuwa amesimama mbali, nyuma ya nguzo.

"Leo umekaa," alisema Rosaire.

"Magoti, mzee mwenzangu. Yameichoka nguzo."

"Nakujua. Ni wewe pale ukutani."

Mzee hakugeuza kichwa. "Ni mimi."

"Donat Arsenault."

"Kumbe jina hukulisahau."

"Mimi husahau hata meno yangu kwenye glasi. Hilo sijalisahau." Rosaire alimgeukia. "Nimekungoja miaka arobaini na moja. Mbona hukuja?"

"Niliogopa."

"Uniogope mimi? Babu wa watu, na nywele zenyewe tatu?"

"Wewe hasa."

"Basi hofu imekwisha. Kuna marudiano. Sheria unaijua."

"Ndiyo iliyonileta," alisema Donat.

Rosaire alisimama, akavua glavu zake za sufu na kuziangusha sakafuni, kama desturi ya hoki inavyotaka. Donat akaangusha zake, moja baada ya nyingine.

"Anza," alisema Rosaire.

"Anza wewe."

"Sina haki ya kuanza."

"Unayo. Au mkono bado ni ule ule wa mtawa, Gingras?"

Kumbe anataka kuchokozwa kwanza, aliwaza Rosaire. Mtu mwenye kiburi hapigi bila sababu. Akampa sababu, ngumi moja nyepesi begani. Mikono ya Donat ilibaki imening'inia. Ya pili ilimpasua mdomo.

"Rudisha," alisema Rosaire.

Ya tatu ilifika kwenye pua, nayo ikalia kama kijiti kikavu.

"Rudisha, mpumbavu wewe. Nimekuja kwa hilo tu."

Damu ilidondoka kwenye vigae vilivyochafuka kwa chumvi ya kuyeyushia theluji barabarani. Wapitaji walisimama. Mama mmoja aliinama kutafuta kibao cha maelezo, akakikosa, akasogea mbele aone vizuri zaidi. Ukutani, jezi nyeupe ilikuwa bado inaanguka.

Katika ngumi ya sita Donat alianguka kweli, na njiani kichwa chake kikakutana na pembe ya benchi lililosogezwa. Rosaire alipiga magoti, akamshika kola, akampiga tena huku machozi yakimtiririka.

"Nisamehe. Simama unipige."

"Endelea," alisema Donat kwa meno mekundu. "Bado."

Rosaire aliendelea, mpaka mlinzi alipofika na kumkumbatia kwa nyuma, kama abebwavyo mtoto anayekataa kulala.

Kesho yake kamati ilikutana kwa dakika nane na kutoa uamuzi. Bw. Donat Arsenault, anayeonekana katika kazi namba kumi na tisa akiwa na jezi nyeusi, amelazwa hospitali na amekataa kumshtaki Bw. Rosaire Gingras, mwenye jezi nyeupe. Benchi litarudishwa mita mbili kulia.