Shikamoo ya Ini

Siku hizi mgonjwa anayetambuliwa na watafiti ni kiungo kilichopandikizwa, si mtu aliyekibeba. Bi Mwantumu alilijua hilo, lakini mazoea yana taabu. Muuguzi Zawena alipopiga magoti kando ya kitanda na kusema, "Shikamoo," Bi Mwantumu aliitikia, "Marahaba, mwanangu."

"Samahani, mama. Nilikuwa naliamkia ini."

Zawena aliweka kiganja juu ya ubavu wa kulia wa Bi Mwantumu, akasikiliza, akatabasamu. "Linanawiri, mashallah! Wenzangu kwenye kituo cha utafiti watafurahi."

Bi Mwantumu alikuwa amebaki mifupa mitupu. Kanga iliyokuwa ikimbana zamani sasa ilimzunguka mara mbili. "Na mimi je? Chakula hakipiti, miguu imekufa ganzi."

"Pole sana, mama. Ila wewe si sehemu ya utafiti."

Hapo bintiye, Chiku, akaingia na bakuli la uji. Muuguzi alimtazama kuanzia utosini hadi nyayoni, kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga.

"Binti una afya njema! Damu yako kundi gani?"

"Kama ya mama," alijibu Chiku, akifurahi kwamba kuna mtu aliyemuuliza habari zake.

Bi Mwantumu aliinua mkono kumkataza, lakini Chiku alikuwa amekwisha kujibu. Chini ya mbavu zake, kitu kilichokuwa kimetulia tangu asubuhi kilianza kujisogeza taratibu, kama mgeni anayefunga mizigo.