Sikio la Afande

Kila mhitimu wa chuo cha maofisa alipandikizwa sikioni sauti ya kumwamrisha, na Nsajigwa aliishi nayo hata alipovua gwanda akawa mhandisi wa mabwawa. Ilimwamsha, ikamlisha, ikamwambia lini aoe. Siku aliyostaafu, ikazimwa.

Tangu hapo mkewe, Tumpe, ndiye aliyemwamrisha, kwa utani. "Afande, kunywa chai!" Naye anakunywa. "Afande, vaa sweta, unatetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa!" Anavaa.

Asubuhi moja Tumpe akatoka chumbani na begi. "Baba Lusajo, mwanao ananiita nikaishi kwake. Mimi nimechoka kuamrisha. Leo nakuuliza tu: niende au nibaki?"

Nsajigwa alitaka abaki. Hajawahi kutaka kitu namna ile. Akasimama mguu sawa, akangoja sikio limruhusu kusema. Sikio likawa kimya kama bwawa.

"Kumbe niliolewa na sikio!" Tumpe akacheka, machozi yakimlengalenga. Alipovuka kizingiti akageuka, akamtazama kitambo. "Haya, Afande. Funga mlango, baridi inaingia."

Akaufunga.