Vijiwe vya Nguchiro

Nyamazeni niwape kisa hiki, kisha kila mmoja aende zake na akili zake.

Porini wanyama walinunua vitu kwa manyoya ya Tausi, na mwenye mkia wa manyoya hayo alikuwa Tausi peke yake, kwa hiyo wengine wote wakabaki mafukara. Siku moja Nguchiro akaleta vijiwe vinavyometa kama jua lililovunjika vipande.

"Hii ndiyo fedha ya haki," akasema. "Kibuyu cha mtama, kijiwe kimoja. Hata mimi nimejiwekea kimoja tu, kama ninyi."

Wanyama wakapanga foleni na vibuyu vyao. Kanga alikuwa amebakiwa na kibuyu kimoja cha kulishia vifaranga wake kiangazi kizima, lakini naye akaingia kwenye foleni. Zamu yake ilipofika, kwa kuwa kanga hawezi kusimama bila kuchakura, miguu yake ikaanza kazi pale pale alipokaa Nguchiro. Udongo ukaruka, na chini yake likafumuka rundo la vijiwe lisilo na mwisho, likamchoma macho kwa mwanga.

"Bwana Nguchiro, na hivi je?"

"Hivyo ni vya mwanzilishi, mama. Naye asipate chochote?"

"Basi wewe ni Tausi asiye na mkia," akasema Kanga, akakumbatia kibuyu chake. Akangoja wenzake wamrarue yule mwongo.

Lakini Nungunungu alikuwa amepiga magoti mbele ya rundo. "Jamani, utajiri gani huu!" akanong'ona. "Nipisheni, mimi nachukua vitatu!"

Wakamkanyaga Kanga wakigombea kumfikia Nguchiro. Akaondoka na mtama wake, huku akigeuka kila hatua kuutazama ule mwanga, maana, tusidanganyane, ulikuwa mzuri kweli.