Kicheko cha Shemboza

Siku hizi sauti ya marehemu hukabidhiwa mjane ikiwa msimbo mtupu wa programu, na sheria inamtaka auunganishe mwenyewe uwe programu inayosema, kwenye kompyuta ya mfumo wa Linux. Bi Nambua alishinda wiki nzima akihangaika na maandishi mekundu ya makosa kwenye skrini.

"Mama, soma kosa la kwanza tu," binti yake Mboni alimwambia kwenye simu. "Mengine yote yanatokana na hilo."

La kwanza lilisema faili la kicheko halipo. Akapakua la bure mtandaoni, lile linalotumiwa na kila asiye na la kwake, akajaribu tena. Safari hii hakukutokea kosa hata moja.

"Mama Mboni, umeshakula?" Shemboza, marehemu mumewe, akauliza kwa sauti yake ile ile, kisha akacheka.

Kicheko hicho Nambua hukisikia kila siku dirishani kwa jirani, mjane mwenzake. Hata hivyo alivuta kiti karibu.

"Bado," akajibu. "Nilikuwa nakungoja."