Kichanga Mtulivu

Siku hizi kila mtu, mzee hata kichanga, hupandikizwa hisia ya mwanga wa aina moja, ili galaksi ya mbali inapolipuka na kutema moto, miili itoe habari. Nyumbani kwa Siwema, miali ya gama humliza kwanza kichanga wake, Hamadi. Kisha eksirei humchoma Siwema menoni. Mawimbi ya redio hufika mwisho, magotini mwa mkwewe, Bi Mashavu.

"Magoti yananiwaka, mwanangu. Imelipuka."

"Haiwezekani, mama. Hamadi hajalia."

"Na meno yako?"

Siwema akatema karafuu aliyokuwa akitafuna tangu juzi, akidhani jino limeoza. Wiki nzima Hamadi hajalia, naye alikuwa akimshukuru Mungu.

Alikimbilia kitandani kwa mtoto, akamfinya paja kwa nguvu.

Hamadi akamkodolea macho, kimya.