Sisimizi Aliyeoga Umande

Sisimizi mmoja, Mbeja, alichoka kunuka kama wenzake. "Nataka akili yangu mwenyewe," alisema, akaoga umande mpaka harufu ya shimo lao ikamtoka. Kisha akakaa peke yake juu ya jani, akangoja wazo lake la kwanza.

Halikuja. Yote aliyoyajua aliyapata kwa kugusana na wenzake njiani. Huyu alimpa nusu, yule akamalizia.

Mbeja akarudi nyumbani. Bawabu wa shimo akamnusa.

"Nani wewe?"

"Mimi Mbeja, ndugu yangu! Si tumbo moja sisi?"

"Mbeja wetu ananuka kama sisi. Wewe hunuki chochote."

Bawabu akaziba mlango kwa kichwa chake. Hapo ndipo wazo la kwanza likamjia Mbeja, na hakuwa na wa kumwambia.