Wavu Katikati ya Kizimba

Kwa siku tatu tangu mwenzake afe, sungura mzee alikuwa hajagusa chakula. Fundi cherehani akasema liwalo na liwe, akauondoa wavu uliomtenga na sungura mgeni.

"Mama, wakiumana?" binti yake aliuliza, taulo mkononi tayari kuwaamua.

"Tutawatenganisha. Lakini upweke utamuua huyu."

Mgeni alijongea, akainamisha kichwa mpaka pua ikagusa nyasi. Mzee akapiga mguu chini, puu! Roho ikamruka fundi.

Kisha ulimi mdogo wa waridi ukatoka, ukalilamba sikio la mgeni taratibu, kutoka shinani hadi nchani.

"Mama, anamlamba!"

"Usipige kelele, mwanangu," fundi alinong'ona, huku mwenyewe akirukaruka kama mtoto. Mzee aligeuka, akang'ata jani la kabichi.